E ya Mfaransa na X ya Dagahaley

Msonyo uliomtoka Mwalimu ulikuwa mrefu hata mama chai akaacha kumimina. "Mfyuuu! Medesini Sansi Frontieresi? Wee kijana, herufi zote hizo umezimeza peke yako? Utavimbiwa."

Aliyesonywa ni mkalimani wetu, kijana anayefanya kazi hospitalini katika kambi ya Dagahaley, upande wa Dadaab. Akija likizo Garissa hukaa nasi chini ya mwarobaini, nyuma ya Soko Mugdi. Siku hiyo alikuja na kizibao cheupe chenye jina la waajiri wake mgongoni: Médecins Sans Frontières, Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1971. Sisi huku tumezoea kuliita kwa herufi tatu, MSF, basi. Dereva ndiye aliyemchokoza asome maandishi yote. Kijana akavua kizibao, akakitandika gotini, akasoma kama tulivyofundishwa sote darasa la kwanza: herufi moja, sauti moja, na hakuna kuruka. Kosa lake lilikuwa uaminifu.

Mwalimu ni mtu wa ng'ambo ya daraja, Madogo. Alistaafu kitambo. Chuoni alisoma Kifaransa, na tangu arudi ukingoni mwa Tana hajapata mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Ameitunza kama suti ya harusi. Haivai, lakini usiiguse.

"Sikiliza," akasema. "Medsen San Frontyer. Hizo n zote zipitishe puani. Ile e ya katikati ya Médecins inamezwa. Ile ya mwisho ya Frontières nayo inamezwa, na s inaifuata huko huko tumboni."

"Kama hazisomwi, wanaziandika za nini?" Dereva akauliza. "Hiyo ni kama kulipiwa viti kumi na vinne ukapakia abiria tisa."

Nilikuwa upande wa Dereva, nakiri. Nikaongeza chumvi: hizo ni herufi hewa, zipo kwenye orodha ya mishahara lakini kazini hazionekani. Kijiwe kikacheka. Mwalimu hakucheka. Aliokota kijiti, akasawazisha mchanga mbele ya miguu yake, akaandika: Louis.

"Someni."

"Luisi," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa chekechea.

"Lui. Hiyo s imelala usingizi. Huyu ni mwanamume. Sasa tazameni." Akaongeza e mwishoni: Louise. "Huyu ni mwanamke. Anaitwa Luiz. E yenyewe haisikiki, lakini imeiamsha s."

Mama chai, ambaye vijana wote hapa humwita Eeddo na hakuna anayethubutu kumwita vingine, aliweka birika chini. "Yaani huyo s alikuwa bubu siku zote, hadi mwanamke alipoingia nyumbani ndipo akajua kusema? Na mwanamke mwenyewe amekaa kimya?" Akaangalia wanaume mmoja mmoja. "Huyo Mfaransa ni mtu mwenye akili."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba shauri langu la herufi hewa lina kasoro. Dereva alikuwa bado hajasalimu amri. Ujana wake wote aliendesha Pijo 504, ile ndefu ya abiria, na mpaka leo ukimtajia magari ya Kijapani anakunja pua. Kati ya mwaka 1963 na 1978 Pijo zilishinda Safari Rally mara sita, na Dereva anazihesabu kwa vidole kama mtu anayetaja watoto wake. Mwalimu alijua pa kumbana. Akaandika mchangani: Peugeot.

"Hilo ndilo gari lako. T ya mwisho imekufa. Na hii e iliyo baada ya g, je, umewahi kuisikia?"

"Sijawahi."

"Lakini ndiyo inayoilainisha g. Ifute." Akaifuta kwa kidole gumba. "Sasa soma."

Dereva akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Pego?"

"Pego."

Alinyamaza muda. Nadhani alikuwa akijiona barabarani miaka ile, anaita abiria wapande Pego. "Irudishe," akasema hatimaye, na Mwalimu akairudisha.

Adeer, mzee wetu, ambaye yeye huita gari hilo Biijo kwa kuwa Kisomali hakina p, alikuwa amenyamaza na bilauri yake ya chai ya maziwa ya ngamia. Adeer ni baba mdogo wa kila mtu hapa, awe ndugu yake au asiwe. Nikaona nafasi ya kumshirikisha, nikasema jambo ambalo lilikuwa likinitekenya: sisi Waswahili hiyo e ya kimya hatuiwezi, tukiikuta tunaifufua. Mfaransa ameandika machine akaikalia e yake. Waingereza wakalipokea neno hivyo hivyo. Likafika kwetu, nasi tukasema mashine, e inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Garage ikawa gereji. Police ikawa polisi. Hata pale tulipobadilisha irabu, hatukukubali neno liishie hewani bila irabu, mlango wazi, mtoto nje.

"Kisomali tunasema mashiin," Adeer akasema polepole. "Tunasema garaash. Tunasema booliis."

Tukatazamana. Kimya kimya, e zote tatu zilikuwa zimezikwa, na hakuna aliyelia.

"Basi hapa Mfaransa ni mimi," Adeer akasema, akanywa chai.

Na ni kweli. Kisomali hakiogopi neno kuishia kwa konsonanti, kwa hiyo kinafika karibu na mdomo wa Paris kuliko sisi wenye kamusi kubwa. Pasipoti yetu, kwao ni baasaboor, na hata t ya mwisho imeachwa njiani, kama anavyoiacha Mfaransa mwenyewe. Mwalimu alikunja uso kidogo. Haikumpendeza kushindwa na mtu ambaye hajasoma Kifaransa hata siku moja.

Akajitetea kwa historia. Zamani, alisema, hiyo e ilitamkwa. Mdomo wa watu ukaichoka pole pole, karne baada ya karne, lakini mkono wa mwandishi ukaendelea kuiandika. Kusini mwa Ufaransa, mji kama Marseille wenye Wakomoro tele, bado utawasikia watu wakiitamka, na watu wa Paris wakiwacheka. Waimbaji nao huitamka wimbo unapoidai. Katika mashairi ya kale ya Kifaransa ilihesabiwa kabisa katika mizani ikitangulia konsonanti. Mwisho wa mstari haikuhesabiwa.

Mnaweza kuona hayo ni ya mbali. Hebu tazama neno mtu. Mkamba anasema mundu. Mkongomani wa Bukavu, katika Kiswahili chake, anasema muntu. U ile ya baada ya m sisi nasi tulikuwa nayo, tukaimeza, na tofauti yetu na Mfaransa ni kwamba tuliifuta na kwenye karatasi. Lakini muulize mtunzi wa tarbia: m ya mtu ni mizani moja kamili, hailipi nusu nauli. U amekufa, kiti chake kimebaki kwenye shairi. Sasa tutamcheka Mfaransa kwa lipi?

Mimi ningeishia hapo, nikalipa chai nikaenda. Ila Adeer alikuwa ameshikilia neno lingine.

"Mwalimu. Sema tena lile la mwisho la kwenye nguo ya mtoto."

"Frontyer."

"Maana yake?"

"Mpaka. Mpaka wa nchi."

Adeer akaweka bilauri juu ya jiwe. "Hilo nalijua. Hilo ni N.F.D."

Vijana wawili hawakuelewa, ikabidi waelezwe. Kabla ya kaunti hizi za mwaka 2013, kabla ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, sehemu hii kwenye ramani za Mwingereza iliitwa Northern Frontier District. Frontier ni neno la Wafaransa lile lile. Waingereza walipolichukua waliikata e ya mwisho hata kwenye karatasi. Mpaka wenyewe hawakuukata. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934 eneo hili lilifungwa. Kuingia kibali, kutoka kibali, kama ghala la mtu. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 ya mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa huku. Vita vya Shifta vikaenda mpaka 1967. Amri za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa watu wa rika la Adeer, frontier haikuwa neno la jiografia. Ilikuwa jibu la swali la askari: unatoka wapi, unakwenda wapi, karatasi yako iko wapi.

"Na sasa mtoto amevaa nguo," Adeer akasema, "inasema huo mpaka haupo."

Hakuna aliyesonya. Kijana alikikunja kizibao vizuri, maandishi yakiwa ndani.

Kimya cha namna hiyo hakidumu kijiweni, na aliyekivunja ni huyo huyo kijana. Alikuwa na deni la kulipa. Akachukua kijiti mkononi mwa Mwalimu kwa adabu, akaandika mchangani, chini ya Peugeot: CAANO.

"Mwalimu, na wewe nisomee."

Mwalimu aliangalia. Neno hilo lipo kwenye vibao vya maduka mji mzima, analipita kila siku. "Chaano," akasema. Kisha, "Kaano?"

Msonyo wa Adeer ulikuwa mfupi, mkavu, wa mtu asiye na haraka. Eeddo alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kwa sababu caano ndiyo anayoiuza: maziwa. Ile c ni sauti ya kooni, ain ya Waarabu, na hakuna ch wala k ndani yake. Kijana akaandika jingine, XAFIIS. Mwalimu akalitazama kama mtu anayetazama nyoka, akajaribu "ksafisi". Ni ofisi. Ile x ni h nzito ya kifuani.

Na hapo niwaambie, hakuna aliyezikosea hizo herufi. Zilichaguliwa kwa makusudi. Wasomali walibishana miaka mingi juu ya maandishi: wapo waliotaka ya Kiarabu, yapo ya Osmaniya aliyoyabuni Osman Yusuf Kenadid, yapo mengine. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Mogadishu ikatangaza alfabeti ya Kilatini, kwa mfumo ulioandaliwa na Shire Jama Ahmed. Kwenye meza kulikuwa na c na x ambazo Kisomali hakikuzihitaji kwa sauti zao za Kizungu. Badala ya kuagiza herufi mpya zenye nukta na vikofia, ambazo taipureta hazina, wakawapa hao wawili kazi mpya. Akili iliyoje! Ila karani wa Nairobi hajaambiwa, na mwalimu wa Madogo naye, kumbe, hajaambiwa.

Matokeo yake anayajua Adeer. Katika ukoo wake wapo wajukuu watatu waliopewa jina moja la babu. Aliyezaliwa Garissa kitambulisho chake kinasema Hussein. Aliyeko Mogadishu anaandikwa Xuseen. Aliyeko Jibuti, ambako Mfaransa alitawala hadi 1977, ni Houssein. Mwaka fulani yule wa Garissa alitumiwa fedha na nduguye wa Mogadishu kupitia benki moja ya Nairobi, na mtumaji, kwa mazoea yake, akaandika jina kwa x. Karani akalinganisha karatasi na kitambulisho, akatikisa kichwa. Huyu ni nani, na huyu ni nani? Ilichukua siku nne na barua ya chifu kuthibitisha kwamba mtu ni yeye.

"Herufi moja," Adeer akasema. "Siku nne."

Mwalimu, kwa heshima yake, hakununa. Alirudi kwenye mchanga kama mwanafunzi. Aliuliza jina la rais wa Jibuti linaandikwaje kwa Kisomali, yule Guelleh aliyeko madarakani tangu 1999. Kijana akaandika: Geelle. Mwalimu akapiga paja. "Oneni! Mfaransa ametia u ya kimya ili g isilainike. Kwenye Pijo alitia e ailainishe. Hapa ametia u aizuie. Na h ya mwisho ni pambo tu." Akawa amefurahi kweli, macho yanang'aa, mtu wa miaka sabini amepata kipande cha fumbo chini ya mti.

"Na maana yake?" akauliza.

"Geel ni ngamia," kijana akasema. "Geelle ni mwenye ngamia."

Nami nikakumbuka kaburi letu wenyewe. Ile ain iliyomshinda Mwalimu katika caano, Waswahili tuliipokea kwa Waarabu pamoja na maneno yake, tukaizika. Iangalie maana. Iangalie saa. Iangalie baada. Hizo a mbili mbili unazoziona si urembo. Katikati yake palilala ain. Msomali ameiweka hai: macne, saacad. Katika gabay, shairi la Kisomali, mtunzi akichagua c kuwa herufi ya shairi, basi kila mstari lazima ulete neno linaloanza na c, tangu mwanzo hadi mwisho. Yaani sauti ile ile ambayo sisi tuliifukia bila matanga inabeba shairi zima la watu wa upande wa pili wa meza. Nilipolisema hilo, Mwalimu alinijibu kwamba kwa hiyo na mimi ni Mfaransa. Sikuwa na la kujibu.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa nimeulizwa na Dereva kabla hatujaondoka. Sitaki kusikia tena mtu akisema lugha fulani "inaandikwa vibaya". Wafaransa wana e yao, haina sauti lakini ukiing'oa nyumba inainama. Wasomali wana c na x zao. Sisi tuna irabu tunazoziongeza kila mahali kama sukari kwenye chai ya hapa. Kinachoniudhi ni kitu kimoja: mtu aliyesomea Kifaransa miaka minne ili asilikosee jina la Louise, lakini ameishi kilomita chache kutoka kwa jirani yake maisha yote na hajajifunza herufi mbili za jina lake. Mwalimu ananisamehe, nimemwambia ana kwa ana. Na mimi mwenyewe nilizijua siku hiyo hiyo.

Magharibi ilikaribia. Gari la Dadaab lilikuwa likipiga honi, na ni mwendo wa kilomita kama 100. Kijana akavaa kizibao. Mwalimu akamwita tena: hiyo Dagahaley unayokwenda, yenyewe inaandikwaje kwa Kisomali?

Kijana akaandika kwa haraka huku amesimama, akakimbilia gari. Tukabaki tunasoma: Dhagaxley. Mwalimu akajaribu x, ikamtoka nzuri safari hii, kutoka kifuani kabisa, na Adeer akamwitikia kwa kichwa. Dhagax ni jiwe. Ley ni ile ile ya Geelle, mwenye, penye. Serikali na mashirika wameandika Dagahaley, lakini wenyeji walipaita Penye Mawe. Kijana ametoka kijiweni, amekwenda kijiweni.